Ubao wa Siku Bila Ajali

Hanesaki, 26 Mei 1986

Mzee Haraguchi,

Mvua za msimu bado hazijashika huku kisiwani, ila kuta za ofisi zimeanza kutoa jasho na samaki wa kuruka wamejaa sokoni. Natumaini wewe na Mama Fumie hamjambo huko Nagoya, na kwamba idara ya kumbukumbu haikuchoshi sana.

Nimepokea kadi yako. Umeniuliza jambo moja tu, nami nakujibu: leo asubuhi ubao wa langoni unasoma siku 1,832 bila ajali. Mambo yakienda salama, tarehe saba Julai tutakuwa sawa na zile 1,874 zako, na kesho yake tutakuwa tumezipita. Sisemi hivi kwa majigambo. Wafanyakazi ndio wanaohesabu. Kila anayeingia langoni na baiskeli yake anautazama ubao kwanza, mlinzi baadaye.

Kazi ni nyingi. Roketi ya setilaiti ya hali ya hewa imeshasimama mnarani, na ujazaji wa majaribio wa oksijeni ya kimiminika umepangwa Alhamisi, tarehe tatu Julai. Kabla ya siku hiyo nataka kukisafisha kituo, na nikisema kusafisha nina maana ya yale mazoea yasiyoandikwa popote. Juzi nimewakuta wazee wa ghorofa ya tatu ya mnara wakikifunga kiungo cha bomba la oksijeni, kisha wanakigonga kwa nyundo ya mbao, mara mbili. Nikauliza kwa nini. Jibu: "Enzi za Mzee tulikuwa tunagonga." Mbao, Mzee wangu, karibu na oksijeni! Zikiwa na mafuta kidogo tu, yakaingia kwenye kiungo, tunawaka sote. Mwongozo unasema shusha mkono wa kiungo, nyoosha kidole, tamka "Kimefungwa, sawa!" Basi. Nimezikusanya nyundo zote tatu nikazifungia kabatini.

Utanisamehe kwa kugusa mambo yako. Lakini kila mlango ninaoufungua hapa nakukuta wewe ndani yake, na miaka mitano sasa imepita.

Wako kwa heshima,
Sameshima Chigusa
Mkuu wa Usalama, Kituo cha Hanesaki


Nagoya, 2 Juni 1986

Chigusa, binti yangu,

Maua ya ajisai yamechanua kwenye uwanja wa kampuni, ya bluu upande wa lango na ya waridi upande wa jiko. Hakuna anayeyatazama isipokuwa mimi, kwa kuwa humu ndani mimi ndiye pekee nisiye na kazi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta namba. Mara ya pili nilitafuta makosa, nikayapata mawili, lakini sikutajii. Mara ya tatu nilitafuta mahali unaposema kwamba kazi imekuwa ngumu bila mimi. Sikupaona.

Nina kijicho, Chigusa, na nakisema mwenyewe kabla Fumie hajanisemea. Nakuonea wivu dirisha lile linalotazama mnara. Nakuonea wivu hata kiti, kile chenye mguu mmoja mfupi, kama hujakitupa. Mwaka wa kwanza niliohamia huku nilipata kadi za mwaka mpya arobaini na moja kutoka Hanesaki. Mwaka huu zimekuja tatu, na moja ilitoka duka la pombe. Najua zile nyingine zinakwenda kwa nani.

Hapa wamenipa chumba ghorofa ya nne, nitunze mabango ya usalama ya zamani. Makarani wakipita huinama kwa adabu, halafu wananiuliza kama nimeona stapla.

Kuhusu nyundo, umefanya vizuri. Yalikuwa mazoea ya wazee tu. Mwongozo ni mwongozo. Usiwaache wakupande kichwani kwa sababu wewe ni mwanamke. Nilipokupendekeza uwe naibu wangu niliwaambia wakubwa kwamba huyu hapandwi kichwani, nisingependa nionekane mwongo.

Usinipigie simu ofisini. Mama wa swichibodi anasikiliza kila kitu. Niandikie, na usisahau namba.

Haraguchi Teizo


Hanesaki, 12 Juni 1986

Mzee Haraguchi,

Mvua imeanza rasmi jana, na boti ya barua imechelewa siku nzima kwa sababu ya mawimbi. Ubao unasoma 1,849. Nimeanza na namba ili usilazimike kuitafuta.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sijui kama ni za haki. Juzi nimemfuma Iwakiri, mmoja wa wale wazee wa ghorofa ya tatu, mnarani na nyundo nyingine ya mbao, aliichonga mwenyewe nyumbani, ameifunga pamoja na chakula chake cha mchana. Nikamuuliza mbele ya wenzake:

"Mzee Iwakiri, hiki nini?"

"Cha kupondea ufuta, Mkuu."

"Na huku mnarani unampondea nani ufuta?"

Watu wakacheka mpaka wakashika vyuma. Mmoja akasema, "Mwacheni Bwana Mafuta, huyo na mambo ya jikoni ni damu damu." Unajua wanavyomtania kwa vile vidole vyake viwili visivyokunjika, alivyoviunguza kwa mafuta ya kukaangia. Mimi sikucheka. Nikamwambia anieleze kwa nini anagonga. Akatazama viatu vyangu, akasema, "Muulize Mzee."

Mzee, Mzee, Mzee! Nikibadilisha ratiba, Mzee alikuwa anafanya hivi. Nikihamisha ndoo ya mchanga, Mzee aliiweka pale. Miaka mitano nafanya kazi ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Wewe unanionea wivu kiti. Mimi nakuonea wivu namna wanavyolitamka jina lako. Langu hawalitamki kabisa, wanasema "Mkuu" wakitazama pembeni.

Nimemnyang'anya Iwakiri kibali cha kupanda mnarani. Sasa yupo langoni na mlinzi, na kila asubuhi yeye ndiye anayebadilisha namba za ubao. Kiungo cha oksijeni nimempa Kamimura. Ana miaka thelathini na moja, mikono yake imetulia, na akitamka "Kimefungwa, sawa!" anasikika hadi bandarini.

Lakini usiku umepita nami nimepoa, kwa hiyo nafanya alivyoniambia Iwakiri. Nakuuliza wewe. Je, ipo sababu ya ile nyundo? Kama ipo, niambie tu. Nitairudisha, nitaiandika kwenye mwongozo kwa jina lako, na donge langu nitalimeza mwenyewe.

Chigusa


Nagoya, 18 Juni 1986

Chigusa,

Huku nako mvua. Miavuli imejaa mlangoni, wa kwangu umeshaibwa.

Umeniandikia barua ndefu kuhusu uchungu wako, basi na mimi nikuandikie wangu, tuwe sawa.

Tarehe ishirini Mei, 1981, uliteleza kwenye ngazi ya chuma ghorofa ya kwanza ukavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Ubao ulikuwa 1,874. Hakuna kituo kingine cha kampuni kilichowahi kufika hapo. Nilikuja hospitalini na tikiti lenye utepe. Nikakaa kwenye kile kiti cha wageni, sikusema kitu. Ungeweza kusema umeanguka na baiskeli. Watu wanaanguka na baiskeli kila siku kisiwani, njia zenyewe ni za mteremko. Nilidhani utaelewa bila kuambiwa, kwa kuwa nilikulea kazini miaka sita. Ukanitazama na macho yako makavu, ukasema, "Mzee, fomu nimeshaijaza. Nimeandika kwa mkono wa kulia."

Ile fomu mimi ndiye niliyekufundisha kuijaza! Kesho yake nilipanda ngazi mwenyewe nikaweka sifuri, watu wamesimama na baiskeli zao wananitazama. Baada ya miezi miwili ikaja barua ya uhamisho. Kiti wakakupa wewe kwa ajili ya uaminifu wako, ndivyo walivyoandika. Nimeihifadhi barua hiyo.

Kwa hiyo usiniambie habari za nyumba ya mtu mwingine. Mimi ndiye niliyetolewa ndani.

Hakuna sababu ya nyundo. Iwakiri ni mtu anayependa kuonekana ana siri, siku zote yuko hivyo. Mwache huko huko langoni. Na jambo hili usiniulize tena.

Haraguchi Teizo


Nagoya, 27 Juni 1986

Kwa Bibi Sameshima Chigusa,

Mimi ni Fumie, mke wa Haraguchi. Salamu za msimu sina. Mvua unaiona mwenyewe.

Tunajuana. Umekula kwangu mara nyingi tulipokuwa Hanesaki, nami nilikupakulia vipande vizuri kwa mkono wangu huu. Ndiyo maana nakwambia wazi, sitaki kupitia kwa watu.

Mume wangu akirudi kazini, hata viatu hajavua, anauliza: "Barua ya Chigusa imekuja?" Hasemi barua ya kituo. Hasemi barua ya Mkuu wa Usalama. Chigusa! Ikiwa imekuja, anaingia nayo chooni. Ikiwa haijakuja, chakula kina chumvi, chai imepoa, na mimi nimezeeka. Kwenye kalenda ya jikoni anapiga alama kila siku kwa kalamu nyekundu, na tarehe saba Julai ameizungushia duara mbili. Nimemuuliza kuna nini. "Mambo ya kazi." Mambo ya kazi, siku ya Tanabata, siku ya nyota wapenzi wanaokutana mara moja kwa mwaka! Mtu wa miaka hamsini na nane, goti linamsumbua, anahesabu siku za kukutana na nyota yake. Mimi si mjinga, Bibi Chigusa. Nimeolewa, sikupofuka.

Najua unavyojiona. Unajiona wewe ndiye uliyekibeba kile kituo pamoja naye, mimi kazi yangu ilikuwa kupika wali. Basi ngoja nikueleze nani alibeba. Iwakiri alipoletwa kwangu mwaka wa sabini na tisa kwa mlango wa nyuma, vidole viwili vyeupe na vigumu, glavu imegandia kwenye nyama kwa baridi ya ile oksijeni yenu, nani aliikata glavu? Mimi, jikoni kwangu, kwa mkasi wa samaki. Nani alimfunga na kumfungua kitambaa wiki sita ili asionekane hospitalini? Mimi. Nani alimpa yale maneno ya kusema ni mafuta ya kukaangia? Yalitoka kinywani mwangu, kisiwa kizima kinayacheka hadi leo na hakuna anayejua. Sikumwambia hata mama yangu, na mama yangu amekufa bila kujua. Nilifanya hivyo ili ubao wa mume wangu usimame. Wewe ulifanya nini? Wewe uliuangusha, kisha ukapewa kiti.

Kama unamtaka, mwambie aniage mchana kweupe, nimfungie nguo zake. Kama humtaki, mwandikie kwa karatasi ya ofisi na umwite kwa cheo chake.

Haraguchi Fumie


Nagoya, 1 Julai 1986

Chigusa,

Leo gazeti la kampuni limeletwa mezani kwangu. Ukurasa wa pili kuna picha ya kikosi chako cha ghorofa ya tatu. Kamimura yuko mbele, amenyoosha kidole kwenye kiungo cha oksijeni, mdomo wazi, anatamka. Chini wameandika jina lake na kwamba anapenda kuvua samaki. Nimeitazama picha hiyo kutwa nzima.

Nilikudanganya. Sababu ya nyundo ipo.

Tarehe kumi na tatu Aprili, 1979, siku ambayo hukuwa zamu, tulikuwa tunapoza bomba kabla ya kujaza. Presha ilikuwa bado ndogo. Iwakiri alishusha mkono wa kiungo, akanyoosha kidole, akatamka. Mimi nikanyoosha changu nikatamka baada yake, na wote waliokuwepo wakatamka. Sauti zetu zilikuwa nzuri sana siku hiyo. Mkono wa kiungo ulikuwa umeshuka kabisa, kila mtu aliuona. Lakini pete ya ndani haikuwa imekaa, ilikuwa imeshika nusu, na kwa nje huwezi kuiona. Sote tulikuwa tumetazama mkono, tukaridhika na sauti. Kiungo kiliruka, oksijeni ikamwagikia glavu ya Iwakiri. Vidole viwili. Kama presha ingekuwa ya kujaza, ingemlowesha mwili mzima, na cheche moja tu ingemaliza.

Ubao ulikuwa 1,106. Wiki ile ile wakubwa walikuwa wanakuja kutukabidhi bendera ya usalama. Sikuandika fomu. Nilimpeleka kwa Fumie, naye akamtibu. Baadaye niligundua, kwa kujaribu mwenyewe, kwamba ukigonga mara mbili pete inakaa. Nikawafundisha kugonga, nikawakataza kusema sababu. Kwa kuwa hakuna fomu, hakuna aliyekibadilisha kiungo. Ni kile kile.

Ulipoandika kwamba umezifungia nyundo nilijua maana yake siku ile ile. Nikakuandikia kwamba umefanya vizuri. Ulipouliza mara ya pili nikaandika hakuna sababu. Nilitaka ubao wako uanguke kabla haujaifikia namba yangu. Sijui kulisema jambo hili kwa namna nzuri.

Ukiipata barua hii kabla ya Alhamisi, simamisha ujazaji.

Haraguchi Teizo


Hanesaki, 9 Julai 1986

Mzee Haraguchi,

Nitakueleza kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha kuandika ripoti.

Jumatano, tarehe mbili, saa nne asubuhi, nilipokea barua ya Mama Fumie. Ilikuwa imekaa bandarini siku mbili kwa ajili ya mawimbi. Sitasema yaliyomo isipokuwa moja: alinitajia vidole vya Iwakiri. Nilikwenda langoni na mwavuli. Alikuwa anafuta ubao kwa kitambaa.

"Mzee Iwakiri, vua glavu."

"Mafuta haya, Mkuu. Nilikuwa nakaanga..."

"Mama Fumie ameniandikia."

Akakikunja kitambaa taratibu. "Ameandika na habari za mkasi wa samaki?"

"Ameandika."

"Basi yule mama amechoka," akasema, akavua glavu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile mnarani. Akasema alikuwa amekupa neno lake. Kisha akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimshushe, akasema, "Na wewe hukuuliza kwa kutaka kujua, Mkuu. Uliuliza nyundo zikiwa tayari kabatini."

Hilo ni kweli na nimeliandika.

Alhamisi hatukujaza oksijeni. Nilisimamisha kazi kwa sahihi yangu, makao makuu wakanipigia simu mara tano, nikawajibu mara tano. Tulijaribu kiungo kwa nitrojeni peke yake, watu wote wakiwa chini nyuma ya ukuta. Kamimura alipanda, akafunga, akanyoosha kidole, akatamka, akashuka, tukapandisha presha. Mara sita kikashika. Mara ya saba mkono ulikuwa umeshuka vile vile, sauti yake ilikuwa ile ile, na kiungo kikaruka. Kilivunja taa ya ukutani kule juu mnarani, pale hasa anapoweka kichwa akiwa anafunga. Kamimura alipanda kuitazama ile taa. Aliposhuka alikaa juu ya ndoo ya mchanga mpaka wakati wa chakula.

Roketi haitaondoka kabla ya vuli. Viungo vyote vinne vya aina hiyo vimeondolewa. Nimejaza kadi ya nusura, ile ya ajali iliyokaribia kutokea, na jina la kwanza nililoandika kwenye nafasi ya mwenye kosa ni langu: niliondoa nyundo bila kujua inafanya nini, kwa sababu ilikuwa yako. Nimejaza na fomu ya mwaka 1979, miaka saba baadaye, na Iwakiri ametia sahihi. Watakuita. Mimi pia wameniita, nakwenda Jumatatu.

Sasa nikuambie jambo ambalo halimo kwenye ripoti. Nilipoisoma barua ya Mama Fumie, kitu cha kwanza nilichofanya si kumfikiria Kamimura. Nilichukua penseli nikapiga hesabu. Sikuwa na tarehe, nilikuwa na mwaka tu, lakini nilijua kwamba 1,874 hazikuwahi kuwepo, na moyo wangu ukafurahi. Nilifurahi nikiwa nimesimama ofisini na ile karatasi mkononi, muda wa kutosha kuona aibu. Ndipo nikauchukua mwavuli. Miaka mitano nimebeba lawama ya kuuvunja ubao wako kwa kifundo changu, na kumbe ulikuwa umevunjika kabla yangu. Sasa barua yako imenipa tarehe. Rekodi yako ya kweli ni 1,106, kwa hiyo nilikupita siku ya 1,107. Nimetazama kwenye shajara: ilikuwa tarehe thelathini na moja Mei, 1984, Alhamisi. Siku hiyo nilikwenda kung'olewa jino.

Barua yako imenifikia jana, ubao ukiwa 1,875. Watu walikuwa wanapiga makofi langoni, Iwakiri yuko juu ya ngazi, na mtu wa posta akasubiri wamalize ndipo akanipa.

Umeiandika tarehe mosi. Muhuri wa posta ya Nagoya unasema tarehe nne. Ujazaji ulikuwa tarehe tatu. Simu ipo mezani kwangu, namba unaijua, ilikuwa yako. Telegramu inafika kisiwani kwa saa mbili.

Naomba unijibu jambo moja tu. Barua ilikuwa wapi siku hizo tatu?

Mwambie Mama Fumie kwamba nitamwandikia kwa karatasi ya ofisi, kumshukuru. Wivu wake ulifika kabla ya toba yako.

Sameshima Chigusa


Nagoya, 14 Julai 1986

Chigusa,

Barua ilikuwa mfukoni mwangu, mfuko wa ndani wa koti. Jumatano nilipita mbele ya posta mara mbili, kwenda na kurudi. Sikusahau, na sikuwa mgonjwa.

Alhamisi sikwenda kazini. Nilikaa kando ya simu tangu saa mbili asubuhi. Fumie aliniletea chai, akaiweka, akaondoka. Nilijua likitokea jambo mtu atanipigia, hata kama ni kwa kunilaani. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukufariji. Yalikuwa maneno mazuri, ya mtu mzima, na niliyarudia kimoyomoyo mpaka yakakaa vizuri.

Simu haikuita. Ilipofika saa kumi na moja jioni nikajua kwamba Kamimura ni mzima na ubao wako bado umesimama. Nilisikitika, Chigusa. Naandika kama nilivyohisi. Asubuhi yake nikaitia barua posta.

Haraguchi Teizo